Kikao cha Ugomvi

1

Kikao cha ugomvi kilivunjika kabla chai haijapoa, na kilichokivunja ni kukosekana kwa ugomvi.

Tangu gazeti la Kete lilipoanzishwa mjini Morogoro, enzi likiwa bado la karatasi na likiuzwa stendi pamoja na karanga na vocha za simu, utaratibu ulikuwa ule ule. Mchezo mpya wa video ukitoka, waandishi watatu waliucheza, kila mtu nyumbani kwake. Kisha walikaa meza moja, wakamimina chai, wakagombana. Anayeusifu atoe sababu, anayeuponda naye atoe zake, na hukumu haikuandikwa mpaka fundi pikipiki wa chini ya ofisi apande ngazi kuuliza kama kuna usalama. Waasisi walisema mchezo usiogombanisha watu watatu haustahili hata mstari mmoja wa wino.

Safari hii walikaa Sikudhani, mwandishi mkongwe kuliko wote waliobaki. Lameck, aliyejulikana kwa ulimi wake kuliko kalamu yake. Na mhariri wao, Redempta Haule. Mchezo uliokuwa mezani ni Kiberenge, toleo jipya.

Kiberenge cha zamani hakikuhitaji kuelezwa kwa mtu aliyekulia nchi hii. Vijana watatu wa Tabora walikitengeneza wakiwa hawana kitu zaidi ya kompyuta moja ya mkopo na ukaidi. Unaendesha kiberenge cha reli, peke yako, kutoka Morogoro hadi Kigoma, ukiondoa mawe na kukaza boliti njiani kabla treni ya abiria iliyo nyuma yako haijafika. Picha zake ni mbaya, tusidanganyane. Treni ni mstatili, mbuzi ni mstatili wenye masikio, na muziki ni ngoma moja inayopigwa na mtu aliyechoka. Lakini kuna daraja la tatu. Mataruma yake mawili, yale magogo yanayobeba reli, yametoka, na hapo kila mtu huanguka. Ukipiga breki, magurudumu yanateleza mpaka mtoni. Ukiongeza mwendo, unaruka na kutua mtoni. Watu walianguka wiki nzima, wakaapa hawarudi, wakarudi. Wazee walikuwa na msemo wao kwamba haraka haraka haina baraka. Kizazi cha Sikudhani kikasema tu, "Fulani yuko daraja la tatu," na hata bibi asiyewahi kushika pedi ya kuchezea alielewa kwamba fulani amekwama na anazidi kulikazania jambo vile vile. Njia ya kuvuka ilikuwepo, nyepesi mno, na mwiko wa Kete ulikuwa kutoiandika. Nami naushika mwiko huo kadiri nitakavyoweza.

Toleo jipya lilikuwa mchezo-hai. Unavaa bangili, bangili inasoma mapigo ya moyo na jasho la mkono, na mchezo unajijenga upya mbele yako kadiri unavyokwenda. Ukianza kukata tamaa, unakulegezea. Ukichoka, unakuchangamsha.

Lameck ndiye aliyeanza. Alisema simba wa ndani ya handaki amekaa vizuri, ila anatokea mapema mno. Redempta akauliza simba gani. Yeye hakuona handaki wala simba. Alipita juu ya daraja zima, na wauza ndizi pembeni walimpungia mikono. Sikudhani akasema kwake hakukuwa na ndizi. Alikutana na mama mmoja mtu mzima aliyeshika bendera nyekundu, akamsimamisha, akamwomba asubiri kidogo, akampa pole ya safari. Wakatazamana.

"Sasa tunagombania nini?" aliuliza Lameck.

Michezo-hai mingine walikuwa wakiimaliza kwa kuzungumzia picha na sauti, wakajifanya wamegombana. Kwa Kiberenge walishindwa kujifanya. Chai ilinywewa kimya, na fundi pikipiki hakupanda ngazi.

Alipobaki na Sikudhani, Redempta alimkumbusha jambo ambalo hakuwa amelisahau. Sheria ya hifadhi ilisema jina moja, mchezo mmoja. Mchezo uliohesabiwa urithi, kama Kiberenge, haukuweza kuguswa mpaka gazeti linalotambuliwa lithibitishe kwamba toleo jipya ni mchezo ule ule. Likithibitisha, la zamani linafutwa kwenye seva, na maji yakimwagika hayazoleki. Likikataa, la zamani linabaki na jipya, lililokuwa hewani kwa majaribio tu, linaondolewa. Gazeti lililobaki likitambuliwa ni Kete, na kwa desturi ya Kete, sahihi ni ya mkongwe.

2

Kaka yake Sikudhani, Shomari, aliishi Kihonda, nyumba ya pili kutoka msikitini. Alifanya kazi ya njia ya reli tangu ujana, na kwa sehemu kubwa ya maisha hayo aliendesha kiberenge cha kweli, cha chuma na dizeli, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka ikamstaafisha kabla ya wakati. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, wanawe wako mbali. Alibaki na redio, baraza, rafiki yake Benedicto waliyekuwa naye genge moja la reli, na mchezo wa Kiberenge, aliokuwa akiucheza kwa hasira tangu siku ulipotoka.

Daraja la tatu hakuwahi kulivuka. Zamani alilaumu pedi, baadaye akailaumu mikono. Sikudhani aliijua njia, na alijua haihusiani na mikono, lakini kila alipofungua mdomo Shomari alimkatiza. "Usinitafunie," alikuwa akisema. Hata hasira yake ilikuwa ya kireli. Akianguka alimgombeza yule mtu mdogo wa kwenye skrini kama anavyogombezwa mwanagenge mgeni: shika breki, mkono hautoki kwenye breki, wewe umefundishwa na nani?

Asubuhi moja baada ya kikao kile Sikudhani alimkuta barazani amevaa bangili, uso umenawiri kama wa mtu aliyetoka kunyolewa. Hata salamu haikuisha. Alimwambia amefika Kigoma.

Alimsimulia kituo kwa kituo. Mikono ilitetemeka kama kawaida yake, lakini kiberenge kilimtii. Daraja la tatu lilikuwa zima. Stesheni ya Kigoma mkuu wa kituo alimpigia saluti, akamwita kwa jina lake na la baba yake.

"Nililia, Siku," alisema. "Mtu mzima na mvi zangu."

Sikudhani alifurahi, na furaha ile ilimuuma, maana tayari alikuwa ameandika makala yake kuhusu toleo jipya, na aliiandika kali. Akajiandaa kuombwa maelezo. Badala yake Shomari akasema ameisoma, na tangu aanze kumsoma hajawahi kuandika vizuri namna ile. Akavuta skrini yake akasoma kwa sauti. "Toleo hili ni mpishi anayejua meno ya mgeni wake, akampikia kwa huruma."

Sikudhani hakuandika hivyo. Aliandika kwamba toleo hili ni mpishi anayekutafunia ndipo akupakulie.

Akainama kusoma mwenyewe. Maneno yalicheza kidogo, yakapangika upya, na mbele ya macho yake kukawa na sentensi aliyoiandika, nukta kwa nukta. Alipojitenga, Shomari akainama, neno huruma likarudi. Walipoinama wote wawili pamoja, ukurasa ulisita, kisha ukaandika kwamba mchezo huu una mengi ya kuzungumzwa.

Hapo ni lazima niseme habari za ukurasa-sikivu, ingawa zinaudhi. Enzi za karatasi msomaji alisubiri mwezi mzima, na akichukia alitunga barua ya matusi, akanunua stempu, akaituma. Mtu aliyefika mpaka posta kukutukana, huyo amekuheshimu. Gazeti lilipohamia mtandaoni, matusi yalikuja kabla hujainua vidole, na mwandishi hakuulizwa tena kama amesema kweli bali kama amekuwa wa kwanza. Halafu ukaja ukurasa-sikivu. Waandishi waliambiwa unalainisha lugha tu: kwa mtoto unafupisha, kwa mgeni unafafanua. Tangu hapo matusi yakakoma. Sikudhani alidhani ni heshima ya umri. Alikuwa amejipongeza, masikini, kwamba hatimaye wasomaji wamekua.

"Mbona umenyamaza?" Shomari alimuuliza. "Ni sifa hizo."

Ili asijibu, alimuuliza kama Benedicto naye amefika Kigoma. Shomari akapunguza sauti ya redio, ambayo haikuwa juu. Alisema alikwenda kwa Benedicto siku ile ile, mbio, kumsimulia. Benedicto alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hongera. Yeye kwake kulikuwa na mafuriko na ngalawa. Naye Shomari akamwambia hongera. Wakaangalia barabara.

"Ni kama kusimulia ndoto," alisema. "Watu wanakusikiliza kwa adabu."

Sikudhani alidhani hapo pana mlango, akaingia. Alimweleza yote: sheria, sahihi, kwamba mmoja kati ya michezo hiyo miwili utakufa na kalamu anayo yeye. Alimweleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Shomari alisikiliza huku akigeuza bangili kwenye kifundo cha mkono, mkono wenyewe ukitetemeka.

"Ukikataa, mimi nanyang'anywa Kigoma yangu."

"Ndiyo, kaka."

"Basi usikatae."

Hakumpa nafasi nyingine zaidi ya hiyo. Alimsindikiza mpaka barabarani kama desturi, akamuulizia watoto, akarudi ndani.

3

Redempta hakuona haya alipoulizwa habari za ukurasa. Alisema alijua ukurasa unalainisha. Kwamba unageuza, alianza kuhisi baadaye, na hakutaka kuchimba. Akamkumbusha Sikudhani kwamba kwa muda wote huo hakuna msomaji hata mmoja aliyewatukana.

"Hilo halikukushtua?" aliuliza Redempta. "Mimi lilinishtua. Nikalizoea."

Sikudhani aliketi. Alikuwa ameandika makala mamia humo, akikesha kutafuta neno lenye uzito wake kamili, na kumbe neno hilo alikuwa akilisoma peke yake. Watu wote waliompa hongera sokoni walikuwa wakijipongeza wenyewe. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona upweke ambao hakuwa na jina lake.

Redempta alieleza mambo mengine bila kupamba. Ukurasa-sikivu ulikuwa wa kampuni ile ile inayomiliki toleo jipya la Kiberenge. Sahihi ikikataliwa, Kete itazimwa wiki hiyo hiyo, na Lameck ana mtoto mchanga. Hakusema kwa vitisho. Alikuwa amechoka, na alikuwa mtu mwema, ndiyo maana maneno yake yalikuwa mazito.

"Kaka yako si peke yake," alisema. "Wako wengi waliokuwa hawavuki, leo wamevuka. Wewe unamlinda nani, Sikudhani? Daraja?"

Sikudhani alijaribu kujibu kwa hoja akakuta hoja zote anazo Redempta. Akabaki na lile lililokuwa moyoni. Alisema picha za Kiberenge zilizeeka mwaka ule ule ulipotoka. Ngoma yake ilizeeka. Michezo mizuri zaidi ya huo imekuja na kuzikwa, yeye mwenyewe ameiandikia tanzia. Kiberenge hakijazeeka kwa sababu moja tu, kwamba kila mtu alianguka pale pale. Padri alianguka pale, na mwizi wa kuku, na mtoto wa waziri. Mtu akikutana na mgeni kwenye foleni ya hospitali akamwambia daraja la tatu, wanacheka wote wawili kicheko kimoja.

"Nikitia sahihi, nitakuwa nimesema mahali pale hapakuwepo," alisema. "Siwezi."

"Na kaka yako?"

"Atanichukia." Alilisema hivyo hivyo, kavu, kisha machozi yakamtoka bila kelele, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

Hati ya hifadhi ilikuwa na mstari mmoja wa hukumu. Kwa sheria haikuguswa na ukurasa-sikivu. Aliyeisoma Mbeya na aliyeisoma Pemba walisoma kitu kimoja. Sikudhani akaandika: Si mchezo ule ule. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza ambayo kila mtu angeisoma kama alivyoiandika, na haikuwa hata na ufundi wowote.

Redempta aliisoma, akaipokea, akatoa vikombe vya chai kwenye kabati la ofisi akaanza kuvifunga kwa magazeti ya zamani, yale ya karatasi.

4

Toleo jipya liliondolewa kwa siku moja. Kete nayo ikazimwa kama ilivyoahidiwa, na Lameck akapata kibarua cha kuandikia timu ya mpira. Shomari hakupokea simu. Benedicto ndiye aliyemwambia Sikudhani kwamba kaka yake amevua bangili akaitupa kwenye pipa la mvua, na kwamba haongei na mtu.

Sikudhani alikwenda na mfuko. Shomari alimfungulia, kwa kuwa mgeni hafukuzwi hata akiwa ni ndugu yako aliyekukosea. Akamwambia karibu, akamwonyesha mkeka. Sikudhani akatoa pedi yake ya zamani, yenye mpira uliolika mahali pa dole gumba, akaiunganisha na runinga. Ngoma ya mtu aliyechoka ikaanza.

"Umekuja kunicheka," alisema Shomari.

"Nimekuja kukaa."

Shomari aliichukua pedi akacheza, labda kwa sababu kukataa kungehitaji maneno. Akaanguka. Akaanza tena Morogoro, akaondoa mawe, akakaza boliti, akafika daraja la tatu, akaanguka. Vidole vilitetemeka juu ya vitufe. Sikudhani alikaa pembeni akaona kila kosa kabla halijatokea, na neno moja lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Aliling'ata. Kumtafunia sasa, baada ya alichomfanyia, kungekuwa kumnyang'anya mara ya pili.

Alipoanguka tena, Shomari alipasuka. Alisema alikuwa na kitu kimoja duniani kilichompigia saluti, na dada yake wa tumbo moja amekifuta kwa sababu ya daraja la kuchora. Alisema yeye Sikudhani ana mikono mizima, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Alisema marehemu mama yao angekuwepo angemlaani. Kiberenge kilikuwa kimeanza tena safari na kinakwenda, na mikono yake iliendelea yenyewe, kwa mazoea ya miaka, mpaka daraja lilipotokea kwenye skrini.

"Chukua," alisema. "Chukua na hili." Akaibwaga pedi mkekani.

Injini ya kiberenge ikakohoa. Kwa kuwa hakuna aliyebonyeza chochote, si breki wala mwendo, kikaanza kupungua chenyewe, kikajikokota, kikasimama hatua chache kabla ya pengo. Ngoma ikanyamaza. Yule mtu mdogo, mstatili wenye kofia, akashuka. Akatema mate viganjani. Akatoa mataruma mawili nyuma ya kiberenge, akayapachika, akakaza boliti, kisha akakiinamia kiberenge chake akakisukuma kwa bega mpaka ng'ambo. Akapanda. Ngoma ikarudi, na treni ya abiria ikasikika kwa mbali nyuma yake, salama.

Mwiko nimeuvunja. Nimejitahidi.

Shomari aliitazama skrini, mikono yake mitupu imetulia magotini au inatetemeka, hakuna aliyeangalia.

"Kumbe ni kuachia," alisema.

"Ni kuachia, kaka."

"Nani kaweka hivyo?" Sauti ilikuwa inapanda. "Njiani mkono hautoki kwenye breki. Nilifundishwa hivyo, nimewafundisha watu hivyo. Ningeachia mimi ningefukuzwa kazi. Huyu aliyetunga hili hajawahi kukanyaga reli."

Sikudhani alisema yeye alianguka wiki nzima, na aliachia kwa sababu mtoto alikuwa analia chumba cha pili. Shomari akamtazama kwa dharau iliyokuwa na uhai ndani yake. Akachukua simu akampigia Benedicto, na hakumsalimia.

"Wewe daraja la tatu ulivukaje? La zamani, nasema la zamani."

Sauti ya Benedicto ilitoka kwenye simu mpaka mkekani. Alisema alivuka siku ya kwanza, aliachia tu, kila mtu mwenye akili anajua unaachia. Shomari akamwita mwongo. Akamkumbusha alivyokuwa akija gengeni macho mekundu kwa kukesha akianguka. Benedicto akasema yale macho yalikuwa ya vumbi. Shomari akasema vumbi gani masika, na kwamba mwanareli anayeachia breki hana tofauti na muuaji, na Benedicto akajibu kwamba ndiyo maana yeye alipandishwa cheo na Shomari hakupandishwa. Kwa mlango uliokuwa wazi jirani mmoja alichungulia kuuliza kama kuna usalama.

Shomari alikata simu huku bado anasema. Alikuwa anahema. Akamgeukia dada yake.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Benedicto anakuja, anasema atanionyesha. Bandika chai ya watatu."